Tajiri Akiongezewa Kodi, Nini Hasa Kinachohama?

Ndugu Mwenyekiti, wahasibu wenzangu, wanafunzi wa sheria na wa uchumi, mabibi na mabwana.

Serikali yoyote ikitamka maneno "kodi ya utajiri", wiki haiishi kabla kambi mbili hazijasimama. Ya kwanza inasema matajiri watahama na kutuachia magofu. Ya pili inasema hayo ni maneno ya kutishana, hakuna atakayeng'oka. Kambi zote mbili zinahesabu vichwa, na kodi hii haitozwi kwa kichwa. Inatozwa kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya mtu. Wakibaki mia na akaondoka mmoja, hujui hazina imepata hasara gani mpaka uulize huyo mmoja ameondoka na nini, ameacha nini, na sheria ilimdai nini siku aliyovuka mpaka. Swali hilo la tatu lina uzito kuliko kiwango chenyewe cha kodi, na ndilo linalosahauliwa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kodi ipi. Ni ile ya kila mwaka juu ya mali halisi: vyote anavyomiliki mtu, kwa thamani ya siku fulani, ukitoa madeni yake. Haijali kama umeuza au hukuuza, umepata faida au hasara. Kodi ya faida ya mtaji inasubiri uuze. Kodi ya urithi inasubiri ufe. Hii haisubiri kitu. Mwaka 1990 nchi 12 wanachama wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zilikuwa nayo. Kufikia 2017 zilibaki 4: Ufaransa, Hispania, Norwei na Uswisi. Austria iliifuta 1994, Denmark 1997, Uholanzi 2001, Finland 2006, Uswidi 2007. Wengi huisoma orodha hiyo kama ushahidi kwamba matajiri walikimbia. Kwa baadhi, hoja hiyo ilikuwepo. Kwa Ujerumani haikuwa hivyo. Mahakama yake ya Katiba iliamua mwaka 1995 kwamba haiwezekani nyumba na ardhi zipimwe kwa thamani za mwaka 1964 huku fedha na hisa zikipimwa kwa bei ya sasa. Bunge lilitakiwa kurekebisha upimaji, halikurekebisha, na tangu 1997 kodi hiyo haikusanywi. Hapo aliyeshindwa ni mpimaji, tajiri hakuhusika.

Sasa twende Norwei, maana huko hesabu inaonekana wazi. Nchi hiyo inatoza kodi ya utajiri tangu 1892, na kila mwaka inachapisha mapato, utajiri na kodi ya kila mlipakodi. Mtu anaweza kumtafuta jirani yake kwenye orodha, ingawa tangu 2014 jirani naye huona ni nani aliyemtafuta. Tajiri akihama, jina lake hupotea kwenye orodha na waandishi wa habari huanza kuhesabu.

Serikali ya Jonas Gahr Støre iliingia madarakani Oktoba 2021. Ilipandisha vitu vitatu kwa mfululizo, na watu wengi hukumbuka kimoja tu. Kiwango cha kodi ya utajiri kilikuwa asilimia 0.85 mwaka 2021. Kufikia 2023 kilikuwa asilimia 1.0, na asilimia 1.1 kwa utajiri unaozidi krona milioni 20. Hicho ndicho kilichoandikwa magazetini. Cha pili ni upimaji. Mwaka 2021 hisa zilihesabiwa kwa asilimia 55 tu ya thamani yake. Mwaka 2023 zilihesabiwa kwa asilimia 80. Cha tatu ni kodi ya gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, iliyotoka asilimia 31.68 mwaka 2021, ikawa 35.2, kisha 37.84 kuanzia tarehe 6 Oktoba 2022.

Tuviweke vyote vitatu kwa mtu mmoja. Chukueni mmiliki asiye na mwenzi wala deni, ambaye mali yake yote ni hisa za krona bilioni 1 katika kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Oslo. Mwaka 2021 hisa hizo zinahesabiwa kuwa milioni 550. Ondoa milioni 1.5 zisizotozwa, zidisha kwa asilimia 0.85, unapata kodi ya krona milioni 4.66. Mwaka 2023 hisa zile zile, kwa bei ile ile ya soko, zinahesabiwa kuwa milioni 800. Milioni 1.7 za kwanza hazitozwi, zinazofuata mpaka milioni 20 zinatozwa asilimia 1.0, na zilizobaki asilimia 1.1. Jumla ni krona milioni 8.76.

Lakini mmiliki huyu hana fedha taslimu, ana hisa. Ili alipe, lazima kampuni imtolee gawio, na gawio lenyewe linatozwa. Mwaka 2021 alihitaji gawio la krona milioni 6.8 ili abaki na 4.66 mkononi. Mwaka 2023 alihitaji milioni 14.1 ili abaki na 8.76. Na kwa kuwa kampuni nayo hulipa kodi ya asilimia 22 kwenye faida, inabidi itengeneze faida ya karibu milioni 18.1 ili kodi ya utajiri ya mtu mmoja ilipike. Nimeacha nje nafuu ndogo ndogo; hazibadilishi picha. Kampuni ikitoa gawio la asilimia 3 ya thamani yake kwa mwaka, yaani milioni 30, karibu nusu ya gawio hilo imekwenda. Mwaka ambao kampuni imepata hasara, kodi inadaiwa vile vile.

Hapa kuna kasoro ya upimaji ambayo wahasibu mtaiona mara moja. Kampuni isiyoorodheshwa haipimwi kwa bei ya soko. Inapimwa kwa thamani iliyomo kwenye vitabu vyake vya kodi, ambayo haina jina zuri la biashara wala matarajio ya faida ya kesho. Wawili wenye utajiri sawa, mmoja ana kampuni iliyo sokoni na mwingine ya familia, wanaweza kulipa kodi tofauti kabisa. Kodi inayobana upande mmoja tu wa mizania humfundisha mlipaji kuhamisha mali kwenda upande wa pili kabla hajafikiria kuhamisha mwili.

Basi walihama? Ndiyo. Gazeti la Dagens Næringsliv lilihesabu zaidi ya matajiri 30 walioondoka mwaka 2022 peke yake, wengi kuliko waliohama katika miaka 13 iliyotangulia kwa jumla. Aliyesikika zaidi ni Kjell Inge Røkke, mwenye hisa mkuu wa kampuni ya Aker, aliyetangaza Septemba 2022 kwamba anahamia Lugano, Uswisi. Wengi wao walielekea Uswisi. Kambi ya kwanza ikashangilia: tuliwaambia!

Subirini. Uswisi nayo inatoza kodi ya utajiri. Ni miongoni mwa nchi chache zilizobaki nayo, na inapata humo zaidi ya asilimia 3 ya mapato yake yote ya kodi, sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya OECD. Kila kantoni, yaani jimbo la Uswisi, ina kiwango chake: Nidwalden hakifiki asilimia 0.3, Geneva kinakaribia 1. Kwa nini basi mtu akimbie kodi ya utajiri kwenda nchi yenye kodi ya utajiri? Kwa sababu tofauti ya viwango ni sehemu moja tu ya alichokifuata, tena si kubwa.

Uswisi haitozi faida ya mtu binafsi anapouza hisa zake. Norwei inatoza, kwa kiwango kile kile cha gawio. Na mpaka Novemba 2022 sheria ya Norwei ilikuwa na mlango wa nyuma. Mtu akihama, mamlaka ilipiga hesabu ya faida aliyokuwa nayo kwenye hisa siku ya kuondoka, ikamwandikia kodi ya kuondoka, lakini haikuidai hapo hapo. Akikaa nje miaka 5 bila kuuza, kodi ile ilifutwa. Baada ya hapo aliuza akiwa Uswisi, akalipa sifuri huku na sifuri kule.

Rudini kwa mmiliki wetu. Tuseme alianzisha kampuni kwa mtaji mdogo, kwa hiyo karibu bilioni yote ni faida ambayo haijauzwa. Kwa asilimia 37.84, kodi iliyolala juu yake ni krona milioni 378. Kodi ya utajiri ya miaka 5 ni milioni 43.8. Aliyevuka mpaka kabla mlango haujafungwa aliokoa milioni 43.8 kwa mkono mmoja, akitoa kile kidogo atakacholipa Uswisi, na milioni 378 kwa mkono mwingine. Ya pili ni zaidi ya mara 8 ya ya kwanza. Ukisema kodi ya utajiri ndiyo iliyomhamisha, umetaja kiberiti ukasahau petroli. Kupanda kwa kodi kulimpa sababu ya kupiga hesabu. Miaka 5 ndiyo iliyoleta jibu.

Tarehe 29 Novemba 2022 waziri wa fedha, Trygve Slagsvold Vedum, alitangaza kwamba kanuni ya miaka 5 imekwisha, na mabadiliko yakaanza siku ile ile ya tangazo. Njia ya kuwahamishia hisa ndugu wa karibu walioko nje nayo ikazibwa. Angalieni hiyo tarehe ya kuanza, wanasheria. Angesema itaanza Januari, angekuwa amewapa watu mwezi mzima wa kufunga mizigo. Vita vya kodi ya kuondoka hushindwa mara nyingi katika pengo kati ya hotuba ya waziri na gazeti la serikali.

Hata hivyo kiraka hicho cha kwanza kilikuwa na tundu. Kodi haikufutwa tena, lakini pia haikudaiwa mpaka mtu auze. Asiyeuza kamwe hakulipa kamwe. Ndipo ikaja sheria inayowagusa waliohama kuanzia tarehe 20 Machi 2024: faida inayozidi krona milioni 3 inatozwa, na mhamaji anachagua kulipa mara moja, kulipa kwa awamu ndani ya miaka 12 bila riba, au kulipa yote mwishoni mwa miaka 12 pamoja na riba. Ujerumani ilifanya jambo linalofanana mwaka 2022: mwenye angalau asilimia 1 ya hisa za kampuni akihama anaweza kulipa kwa awamu 7 za kila mwaka, na kwa kawaida anatakiwa kuweka dhamana. Awamu hizi si huruma. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua dhidi ya Ufaransa kwamba kumdai mtu papo hapo kodi ya faida ambayo hajaipokea, kwa sababu tu amehamia nchi nyingine mwanachama, kunakiuka uhuru wa kwenda kuishi na kufanya biashara kokote katika Umoja wa Ulaya. Tangu hapo kila nchi ya huko inatunga kodi yake ya kuondoka ikiuangalia uamuzi huo.

Nini kilibaki Norwei? Hapa kambi ya kwanza huwa kimya. Meli, viwanda na ofisi havikupanda ndege. Kampuni inaendelea kulipa asilimia 22 ya faida. Gawio linalokwenda kwa mwenye hisa aliyeko Uswisi linakatwa kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla fedha hazijamfikia mpokeaji, ya asilimia 15 kwa mujibu wa mkataba wa nchi hizo mbili. Hazina imepoteza kodi ya utajiri, na imepoteza tofauti kati ya 37.84 na 15 kwenye gawio. Ni hasara ya kweli, lakini ni tofauti na picha ya nchi iliyoachwa tupu. Kambi ya pili nayo isijifariji, kwa sababu utajiri umerundikana juu: watu 30 waliochaguliwa vizuri wanaweza kubeba kodi ya maelfu.

Kuhama kwenyewe ndani ya Norwei kuna kichekesho. Sehemu ya kodi ya utajiri huenda kwa halmashauri. Halmashauri ndogo ya Bø, huko Vesterålen kaskazini, ilishusha sehemu yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.2 kuanzia 2021, na matajiri wa kusini wakaanza kupenda hewa ya bahari ya kaskazini.

Sasa tutoke kwenye nchi moja tuangalie tafiti, kwa kifupi. Marekani, Cristobal Young na wenzake walichambua kumbukumbu za kodi za mamilionea kwa miaka 13 na kuchapisha 2016: asilimia 2.4 ya mamilionea huhama jimbo kila mwaka, wakati kwa wananchi wote ni asilimia 2.9. Maskini huhama zaidi kuliko tajiri. Ukifikiria haishangazi. Tajiri wa kawaida ana umri mkubwa, ana biashara inayomjua kwa jina, ana watoto shuleni na wateja wa miaka 20. Anayehama ni kijana anayetafuta kazi. Ufaransa, baraza la uchambuzi wa uchumi linalomshauri Waziri Mkuu liliripoti mwaka 2025 kwamba walioko kileleni kwa mapato ya mtaji huondoka kwa takriban asilimia 0.2 tu kwa mwaka, chini ya wananchi kwa jumla. Na watafiti waliotumia kumbukumbu za Uswidi na Denmark walipata kwamba kiwango cha juu cha kodi ya utajiri kikipanda kwa asilimia 1, tuseme kutoka 1 hadi 2, idadi ya matajiri hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa muda mrefu. Kuhama kupo, kunapimika, na ni kudogo.

Kisicho kidogo ni kuhama kwa makaratasi. Utafiti wa Marius Brülhart na wenzake juu ya kantoni za Uswisi, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba kiwango cha kodi ya utajiri kikishuka kwa asilimia 1 nzima, tuseme kutoka 1 hadi 0, utajiri ulioandikwa kwenye fomu hupanda kwa angalau asilimia 43 ndani ya miaka 6. Asilimia 43! Ni nani aliyetengeneza mali kwa kasi hiyo? Hakuna. Walipokifungua kifurushi walikuta takriban robo ya badiliko ni watu kuhamia kantoni hiyo. Moja ya tano ni bei za nyumba kupanda. Akiba mpya ni kidogo. Kilichobaki, kwa maelezo yao, kinaelekea kuwa mali iliyokuwepo siku zote bila kutajwa, kwa sababu Uswisi benki hazipeleki taarifa za wateja wa ndani kwa mtoza kodi. Mtu anajaza fomu mwenyewe. Kwa lugha ya ofisini, tundu liko kwenye chanzo cha taarifa, na anayekaza kiwango bila kulishughulikia anakaza fundo kwenye kamba iliyokatika.

Madrid ni mfano mwingine wa makaratasi. Hispania ilirudisha kodi ya utajiri mwaka 2011 na kuyaachia majimbo yaamue nafuu. Madrid ikatoa nafuu ya asilimia 100, yaani kodi sifuri. Ndani ya miaka 5 idadi ya matajiri walioandikwa Madrid ilipanda kwa takriban asilimia 10 ikilinganishwa na kwingine.  Kubadilisha anwani kulitosha. Serikali kuu ilijibu Desemba 2022 kwa kodi ya mshikamano juu ya mali halisi inayozidi euro milioni 3, kwa viwango vya asilimia 1.7 mpaka 3.5, huku ukiruhusiwa kutoa ulicholipa jimboni. Ukilipa sifuri Madrid, utalipa yote Hispania. Faida ya kubadilisha anwani ikayeyuka bila kumzuia mtu yeyote kusafiri.

Uingereza inahitaji maneno machache kwa sababu namba zake zinasambaa sana kwenye simu zenu. Kampuni ya Henley & Partners ilikadiria kwamba mamilionea 16,500 wangeihama Uingereza mwaka 2025. Kampuni hiyo inaishi kwa kuwashauri matajiri namna ya kupata ukaazi na uraia wa nchi nyingine, na makadirio yake hutegemea sana mahali mtu anapojitambulisha kufanya kazi kwenye kurasa za umma. Hayatokani na kumbukumbu za kodi. Benki ya UBS kwa upande wake ilihesabu mamilionea zaidi ya milioni 3 Uingereza mwaka 2023, kwa kipimo kipana kinachojumuisha nyumba. Hata ukiikubali 16,500 ilivyo, ni karibu nusu ya asilimia moja. Habari kubwa ni sheria yenyewe, na inawagusa watu wetu.

Tarehe 6 Aprili 2025 Uingereza ilifuta hadhi maalumu ya wakaazi wanaodai kwamba kwao hasa ni ng'ambo. Mgeni anayeingia sasa, ambaye hakuwa mkaazi kwa miaka 10 iliyotangulia, anasamehewa kodi ya mapato na faida za nje kwa miaka 4 ya kwanza. Baada ya hapo analipa kwa mapato na faida zake zote duniani. Kodi ya urithi ndiyo kali zaidi: aliyekuwa mkaazi kwa angalau miaka 10 kati ya 20 iliyopita anaingizwa na mali yake yote, popote ilipo, kwa asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, bila kuhesabu misamaha kama ya mwenzi. Nyumba ya Mombasa, kiwanja cha Kigamboni, hisa za Nairobi, vyote ndani. Na akiondoka Uingereza mkia unamfuata kwa miaka kati ya 3 na 10, kulingana na alivyokaa. Mtanzania au Mkenya aliyeko Leicester kwa miaka 15 na kujenga nyumbani aanze kuweka hati zinazoonyesha thamani ya mali yake sasa, maana warithi wake watadaiwa ushahidi wakiwa kwenye msiba.

Walioko Marekani wana hali tofauti. Marekani hutoza raia wake popote walipo, kwa hiyo kuhama peke yake hakusaidii. Lazima urudishe uraia. Na tangu 2008 anayeurudisha akiwa na mali halisi ya dola milioni 2 au zaidi anahesabiwa kama ameuza kila kitu siku moja kabla. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo humgusa pia mwenye kadi ya kijani aliyeishika katika miaka 8 kati ya 15 ya mwisho. Anayepanga kustaafu Arusha na kuirudisha kadi apige hesabu kabla ya mwaka wa nane, si baada yake.

Tumalizie nyumbani. Kenya na Tanzania hazina kodi ya utajiri ya kila mwaka, ingawa wazo hili hurudi kila bajeti inapobana. Kenya ilipandisha kodi ya faida ya mtaji kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023. Jiulizeni: tajiri wa Afrika Mashariki anaweza kubeba nini? Sehemu kubwa ya utajiri wetu ni ardhi na majengo, ambayo hayabebeki. Tena Mnorwei anaingia Uswisi kama mtu anayehama mtaa, kwa sababu nchi zote mbili zimo katika EFTA, jumuiya ya biashara huria ya Ulaya, na raia wao wana haki ya kuishi kila upande. Pasipoti zetu hazina mlango huo. Zinahitaji viza, mdhamini, au kununua ukaazi. Kwa hesabu hiyo watu wetu wangehama kwa shida kuliko Wanorwei.

Lakini anwani zao zingehama kwa urahisi sana. Dubai haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Kampuni zinalipa asilimia 9 tangu Juni 2023 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000. Hati ya ukaazi wa kodi hutolewa kwa aliyekaa siku 183, na kwa masharti fulani kwa aliyekaa siku 90. Ndiyo maana kanuni ya ukaazi inahitaji kusomwa mpaka mwisho. Sheria za Kenya na Tanzania hazitegemei siku 183 peke yake. Ukikaa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, wewe ni mkaazi. Na ukiwa na makazi ya kudumu nchini, kukanyaga kwa muda wowote ndani ya mwaka kunatosha. Mfanyabiashara anayeonyesha hati ya Dubai huku familia yake iko Masaki na yeye huja kila mwisho wa mwezi hajahama mbele ya sheria. Kinachokosekana ni afisa anayelinganisha kumbukumbu za uhamiaji na jalada la kodi. Na wanaodhani Ghuba itabaki bila kodi milele watazame Oman: amri ya mwaka 2025 inaanzisha kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028.

Ardhi nayo haihami, lakini kampuni inayoimiliki huuzwa nje ya nchi ukipenda. Kenya ililigusa hilo katika Sheria ya Fedha ya 2023: asiye mkaazi akiuza hisa ambazo zaidi ya asilimia 20 ya thamani yake inatokana na mali isiyohamishika ya Kenya, faida inatozwa Kenya. Tanzania hutumia njia nyingine: umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka 3, sheria huichukulia kampuni kama imeuza mali zake. Vifungu hivi havina maana bila kumjua mmiliki wa kweli, na ndiyo kazi ya daftari la wamiliki wanufaika, ambalo Kenya ililianzisha kwa kanuni za 2020 kwa wenye asilimia 10 au zaidi. Daftari hilo lina thamani kwa mtoza kodi kama tu analiona bila kuomba barua tatu.

Jambo la mwisho ni mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili. Mingi inafuata mfano wa OECD, na kipengele cha 13 katika mfano huo kinasema faida ya kuuza hisa za kawaida hutozwa tu na nchi anayokaa muuzaji. Maana yake, mtu akishakubalika kuwa mkaazi wa upande wa pili, sheria yako nzuri ya ndani inakwama kwenye mkataba ulioutia saini mwenyewe. Baadhi ya nchi huongeza aya inayohifadhi haki ya kumtoza mkaazi wa zamani kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka. Aya hiyo huombwa wakati wa majadiliano. Baada ya saini ni kubembeleza. Kwa hiyo wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu: chukueni mikataba yote inayotumika ya nchi yenu, msome kipengele hicho kimoja kimoja, mtengeneze jedwali la nani anabaki na haki ya kutoza na kwa miaka mingapi. Kwa wahasibu, hesabu ya mmiliki wa Oslo nitaiacha ubaoni wakati wa maswali. Badilisheni thamani ya hisa na kiwango cha gawio mwone namba inageukia wapi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.